Msaragambo wa Sauti

Ti. Ti.

Kijiko kiligonga kikombe cha bati mara mbili, kikanyamaza.

Aikande alikuwa ameshaizoea sauti hiyo. Tangu afikie nyumbani kwa Babu Senkondo, huku juu Usangi, katika milima ya Upare, ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kila alfajiri, kabla jogoo hajakumbuka kazi yake. Babu alikuwa haoni. Akiamka, hata kabla ya kupapasa fimbo, aligonga kikombe, na kisanduku kidogo cha ukutani ambacho watu wa mlimani walikiita sikio kilimjibu kwa sauti ya mwanamke wa makamo: "Nimekusikia, Babu. Umeamkaje? Kifua je?" Hapo ndipo siku ilipoanza.

Ti. Ti.

Safari hii hakujibiwa.

"Nakijwa," Babu aliita taratibu. "Nakijwa, mbona hivyo?"

Aikande alijifunga kanga akatoka chumbani. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Dada yako hajibu."

"Labda mtandao umekatika."

"Mtandao ukikatika sikio hulia kama kifaranga. Leo limenyamaza tu." Mzee aliinamisha kichwa akafikiri, kisha akanyoosha mkono kuelekea mlango. "Sikiliza. Kama mimi sijasalimiwa, basi na Nambua hapo chini hajasalimiwa. Na tangu juzi ana kizunguzungu. Nenda upesi. Mimi nitakuchelewesha."

Aikande alishuka matuta mbio, umande ukimlowesha magoti, akipita chini ya nyavu kubwa zilizovuna maji kutoka kwenye ukungu. Mlango wa Bi Nambua ulikuwa umerudishwa tu. Alimkuta mama wa watu sakafuni, kati ya mlango na meko, mguu umekunjika chini yake. Juu ya ukuta sikio lilikuwa kimya kama jiwe.

"Nilimwita," Bi Nambua alisema, na sauti yake ilikuwa imebaki kidogo. "Nimemwita Nakijwa hadi koo limekauka. Hajawahi kunifanyia hivi."

Aikande alimfunika kwa kanga yake, akamnywesha maji kwa kiganja, akapiga simu zahanati. Waliokuja na machela walikuta amemlaza vizuri, kichwa mapajani mwake. Walipomnyanyua, Bi Nambua alimshika kidole.

"Senkondo amekunywa chai?" aliuliza.

Ndivyo walivyokuwa wazee wa upande ule. Mguu umevunjika, na bado anauliza chai ya jirani.

*

Kazi ya salamu haikuwa maneno matupu. Vijana wengi wa Usangi walifanya kazi miji ya mbali, wengine hata nje ya nchi, lakini wazee walikataa kuhama nyumba zao na makaburi ya watu wao. Ndipo Jumuiya ya Salamu ilipoweka masikio ukutani. Kila alfajiri mzee alisalimiwa kwa jina. Akijibu, sauti ilimsikiliza pumzi, ikamkumbusha dawa. Asipojibu, jirani aliitwa papo hapo. Kwa salamu hiyo tu, watu walikuwa wameokoka na mengi.

Ofisi ya Jumuiya ilikuwa chumba kimoja chenye rafu za mashine na meza ndefu. Aikande, Mchaga wa Machame, alikuwa ameitwa kuwafundisha wafanyakazi wa hapo kazi mpya kwao: kuziendesha sauti zile kwa mratibu, yaani programu inayozisimamia programu nyingine. Wanafunzi wake walikuwa watatu. Mzee Mchome ndiye mkuu wa ofisi, mtu wa pole na shati lililopigwa pasi. Kajiru ndiye fundi wa mashine, mwenye mzaha hata msibani. Na Zaina ndiye aliyezifundisha sauti kuzungumza na wazee kwa adabu.

Aliingia na matope miguuni. Wote watatu walikuwa wameinamia mashine moja kuukuu kwenye kona. Ilikuwa ikipepewa na feni ya Kajiru, ambayo pengine ilikuwa feni pekee katika Usangi nzima, maana kwa baridi ile nani angenunua feni?

"Amerudi," Zaina alisema, macho yamemwiva. "Kajiru ameziondoa programu nyingine humu ili apate nafasi ya kupumua. Lakini kumbukumbu yake imejaa, Mwalimu. Atakwama tena."

"Bi Nambua amevunjika mguu," Aikande alisema.

Mzee Mchome alikaa chini polepole kama mtu anayetafuta kiti gizani.

"Mratibu hakuona kwamba Nakijwa amekwama?" Aikande aliuliza.

"Aliona," Kajiru alijibu.

"Sasa kwa nini hakumwondoa akasimamisha mwingine? Hilo ndilo somo la kwanza nililowafundisha."

Kajiru alimtazama Mchome. Mchome alikohoa. "Tulimkataza, Mwalimu."

Akaeleza. Baada ya somo lile walirudi nyumbani wakiwa na uzito moyoni. Kwao, mgonjwa haondolewi bila kikao. Ndugu huitwa, wakakaa, wakasemezana, ndipo jambo likafanyika. Kwa hiyo walimwandikia mratibu sharti dogo: akiugua Nakijwa, asimguse mpaka wao watatu wakubali. Waliona ni heshima tu.

Aikande aligeukia kioo cha kompyuta. Maombi yalikuwa yamepangana kutoka juu hadi chini, ya upole, yanayofanana: *Nakijwa hajibu. Naomba ruhusa ya kumwondoa. Nakijwa hajibu. Naomba ruhusa ya kumwondoa.* Mratibu alikuwa ameomba tangu kabla ya alfajiri, katika ofisi isiyo na mtu.

"Mpare na kikao," Kajiru alinong'ona. "Hata mashine tumeifundisha kusubiri akidi." Lakini mzaha huo haukumfikisha mbali. Alifuta macho kwa mkono wa shati.

Aikande alikuwa na maneno makali mdomoni. Aliyameza, kwa sababu aliona Zaina akifuta vumbi juu ya mashine ile kwa ncha ya mtandio wake, kama mtu anayemfuta mtoto jasho. Hawa hawakuwa wazembe. Walikosea kwa kupenda, na aliyekosea kwa kupenda hufundishwa tena.

"Haya," alisema, akavuta kiti. "Nina swali. Juzi Babu Senkondo alinisimulia habari za msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuchimba mfereji. Baragumu likilia asubuhi, wanaitwa akina nani?"

"Kila nyumba," Zaina alijibu.

"Linamwita mtu kwa jina?"

"Hapana. Nyumba inatoa jembe moja."

"Na mwenye jembe akiwa na homa?"

"Anakwenda mdogo wake. Au mkewe. Wapo."

"Na mfereji?"

"Mfereji unachimbwa, Mwalimu! Maji hayangojei homa ya mtu."

"Basi kontena, lile la somo la kwanza, ndiye huyo aliyekuja msaragambo," Aikande alisema. "Ni programu iliyofungashwa pamoja na kila inachohitaji: jembe lake, makande yake, maji yake. Ukiiweka mashine hii au ile itafanya kazi ileile, haimwombi jirani hata chumvi. Na mratibu ndiye yule msimamizi anayesimama ukingoni. Humwambii, niletee Fulani. Unamwambia, nataka majembe saba kwenye mfereji huu, siku zote. Yeye anatazama. Yakipungua anaita mengine. Mmoja akizimia anamtoa, anamweka mwenzake. Mashine nzima ikianguka, anawagawa watu wake kwenye mashine zenye nafasi. Haulizi mtu, kwa sababu mlishamwambia mnataka nini."

Kajiru alitikisa kichwa pole pole. "Sasa Mchaga huyu angeanza na msaragambo tangu siku ya kwanza, badala ya kutuchorea viboksi..."

"Siku ya kwanza ulikuwa unasinzia."

Wakacheka kidogo. Lakini Zaina hakucheka. "Nimeelewa," alisema. "Ila mtu wa msaragambo akienda nyumbani hauchukui mfereji. Nakijwa akiondoka, anaondoka nao."

Na hapo ndipo penye mwiba. Sauti nyingine zote za Jumuiya ziliweka mambo ya kukumbukwa nje ya kontena, katika ghala moja, ili atakayeshika zamu ayakute. Nakijwa, sauti ya upande ule wa mlima, alikuwa wa kwanza kuundwa, na aliyemuunda hakujua hayo. Alimfanya aweke kila kitu kifuani mwake: kikohozi cha kila mzee, wimbo anaoupenda, jina la mtoto aliyefariki. Ukimzima, vinazimika vyote.

"Basi tuyahamishie ghalani yote," alisema Mzee Mchome. "Inawezekana, Mwalimu?"

"Inawezekana. Mchana mmoja tu."

"Sasa tunangoja nini?"

Zaina aliinua uso. "Mama yangu huzungumza na Nakijwa kila asubuhi, mlango umefungwa. Sijui humwambia nini. Yakiingia ghalani kila sauti itayajua. Na mimi ndiye mwenye ufunguo wa ghala." Alikunja ncha ya mtandio. "Sitaki kujua mama yangu amesema nini juu yangu. Na yeye hakuniambia mimi. Alimwambia Nakijwa."

Feni ya Kajiru ilizunguka. Aikande alitazama mikono yake juu ya vitufe. Angeweza kufanya sasa hivi, na hakuna mzee hata mmoja angejua. Asubuhi wangesalimiwa, wangefurahi. Akizima bila kuhamisha, wangeamkiwa na mgeni asiyejua hata wanaumwa nini. Akihamisha bila kuuliza, amefungua vifua vya watu waliolala. Na akiendelea kungoja, alfajiri yoyote mwingine angeanguka kama Bi Nambua, akaita hadi koo likauke.

Aliondoa mikono.

"Kikao mnachokitaka kipo," alisema. "Ila si cha kwetu sisi wanne. Siri ni za wazee. Tukawaulize."

"Wote?" Kajiru alishtuka. "Wametapakaa mpaka juu msituni!"

"Wote. Na mpaka tumalize, kila usiku mmoja wetu atalala hapa ofisini, Nakijwa akikwama amwamshe. Kajiru, una baragumu?"

*

Baragumu lilikuwa la babu yake, pembe ya tandala iliyong'aa kwa mikono ya watu wengi. Kajiru alilipuliza kutoka kwenye jiwe la juu ya shule, na milima ikajibu. Walishangaa wingi wa watu waliojitokeza: walimu, kwaya ya Walutheri, vijana wa msikitini, hata muuza duka aliyeacha duka wazi. Aikande aliwaeleza cha kuuliza, nao wakagawana vijia.

Swali lilikuwa moja, nalo liliulizwa kwa kauli nyepesi: *Sauti inayokusalimu imezeeka, tunaipa mapumziko, nyingine inashika zamu. Katika uliyomwambia, yapi tumpe mwenzake, na yapi yaishe hapo?* Mzee alijibu sikio lake mwenyewe, mlango umefungwa, aliyetumwa akingoja nje.

Mama yake Zaina alitaka yote yahamishwe. "Hasa yale ya mkwe wangu," alisema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Wayasome, wayahubiri!" Bi Nambua, kutoka kitanda cha zahanati, alitaka dawa zake na nyimbo zake, basi. Mzee mmoja wa juu msituni alikataa kuzungumza habari ya sauti mpaka aliyetumwa ale viazi, anywe maziwa, aone picha za wajukuu. Aliyetumwa alikuwa Mzee Mchome mwenyewe. Alirudi jioni, shati limekunjamana, ana mkungu wa ndizi begani.

"Nimefanya kazi Jumuiya ya Salamu miaka yote hii," alisema, "na sijawahi kumsalimu mtu yule kwa mkono."

Kwa Babu Senkondo alikwenda Aikande. Babu alimtaka akae ndani, asingoje nje.

"Kifua changu mpe," alimwambia Nakijwa ukutani. "Dawa zangu mpe. Na kule kugonga kikombe mpe, asije akadhani nimepagawa." Akashusha sauti. "Lile nililokuambia siku tuliyomzika mama watoto, hilo nenda nalo. Umenitunzia vya kutosha."

"Nimekusikia, Babu," sauti ilijibu.

"Basi dada, asante. Pumzika."

"Asante kwa kunigongea, Babu."

Aikande hakujua kama Zaina ndiye aliyemfundisha kusema hivyo au alijifunza mwenyewe katika alfajiri zote zile. Hakuuliza. Alichukua majani ya chai akatia tangawizi, na wazee wa pembeni wakasema baadaye kwamba siku ile moshi wa nyumba ya Senkondo ulitoka kwa furaha.

*

Alfajiri ya kukabidhiana zamu, ofisi haikuwa na nafasi ya kuweka mguu. Waliopita nyumba kwa nyumba walitaka kuona mwisho wake. Mzee Mchome alifuta kwa mkono wake lile sharti la kusubiri kikao. Zaina akaandika agizo jipya, akilisoma kwa sauti kama anayesoma mahari: sauti saba kwa upande ule wa mlima, siku zote, na zisipungue.

Taa saba za kijani ziliwaka kwenye kioo. Sauti zile zilikuwa pacha, kila moja ikiwa na ufunguo wa yale tu ambayo mzee mwenyewe aliyaruhusu. Hata Zaina hakubaki na ufunguo. Alikuwa ameuvunja jana yake mbele ya mama yake, na mama yake akasema, "Ungeuvunja polepole, nikuone vizuri."

"Kajiru," Aikande alisema. "Wewe."

Kajiru aliizima feni kwanza. Kisha akaishika mashine kuukuu kwa mikono miwili. "Umefanya kazi, mama," aliiambia, na hakukuwa na mzaha hata chembe. Akaizima.

Sasa salamu zikaanza. Kwenye spika ya ofisi zilisikika nyumba za waliokubali kusikilizwa siku ile, moja baada ya nyingine: "Umeamkaje, mama?" "Salama, wewe nani? Ah, ndiyo wewe mpya. Karibu." Taa zilimetameta. Watu walishikana mikono.

"Bado sijaamini," Mzee Mchome alisema ghafla. Na yule mtu wa pole, mwenye shati la pasi, akaenda kwenye rafu akaing'oa waya mashine nzima, nzima, yenye sauti tatu ndani yake zikiwa katikati ya maneno.

"Mzee!" Zaina alipiga kelele.

Taa tatu zilizimika. Kwenye spika, sauti iliyokuwa ikizungumza na Bi Nambua zahanati ilikatika: "Na mguu wako leo una..."

Kimya. Mahali pengine kwenye rafu mashine ilianza kuvuma. Taa moja iliwaka. Ya pili. Ya tatu.

"...una maumivu kama ya jana, mama, au yamepungua?"

"Yamepungua," alijibu Bi Nambua. "Na wewe vipi, umepaliwa? Kunywa maji."

Ofisi ililipuka. Kwaya iliyokuja bila kualikwa ikaanza, Kajiru akatoka nje akapuliza baragumu mpaka mbwa wa tarafa nzima wakaitika, na Mzee Mchome akabaki amesimama na waya mkononi, analia na kucheka. "Maji hayangojei homa ya mtu," alikuwa akirudia. "Hayangojei!"

Kwenye kioo mratibu hakuwa ameomba ruhusa ya mtu yeyote. Alikuwa ameandika mstari mmoja tu: *Zilipungua tatu. Zimerudi saba.*

*

Siku ya Aikande kuondoka, alikuta begi lake limefungwa kamba na juu yake kifurushi cha tangawizi ambacho hakukiweka yeye. Babu Senkondo alikuwa kitini kwake, kikombe mkononi.

Ti. Ti.

"Nimekusikia, Babu. Umeamkaje? Kifua je?"

"Kifua kipo." Mzee alitega sikio lake mwenyewe, akatabasamu kijanja. "Hebu niambie. Unajua nilisema nini siku tuliyomzika mama watoto?"

"Hapana, Babu. Najua tu kwamba kuna jambo ulitaka liende. Sikupewa."

Babu alishusha kikombe. Kisha alicheka, kicheko cha mtu aliyekuta mlango wake umefungwa vizuri kama alivyouacha. "Huyu mwaminifu," alisema. "Huyu atafaa."

Aikande alipiga magoti kumuaga. Babu alimshika mkono, hakuuachia upesi.

"Jambo lile," alisema, "nilimwambia Nakijwa kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu. Sauti hii itakuja kesho hata nisipoiita, mmeifunga vizuri, hainiangushi. Lakini tangu mlipopita na baragumu lenu, Mchome alikuja juzi tukala makande. Jana Zaina. Nimekumbuka kwamba mambo mengine huambiwa mtu mwenye mkono." Aliuminya. "Wewe si wa huku, na Machame ni mbali, najua. Lakini hilo jambo lingali kwangu, mwanangu, na sasa ningependa kulisema. Njoo tena. Nitaweka vikombe viwili."